Mapafu Hupimwa kwa Urefu, Si kwa Uzito

Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho, likavamia matatu, magari madogo, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wamepanga bidhaa zao kando ya lami. Takribani watu 50 walikufa. Majeruhi walikimbizwa Londiani na katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho. Chini ya miaka mitano kabla ya hapo, Oktoba 10, 2018, basi lilikuwa limebingirika Fort Ternan, katika kaunti iyo hiyo, likaua zaidi ya watu 50.

Misiba ya namna hii hukumbukwa kwa hesabu ya maiti. Makala haya ni ya wale wanaofika hospitalini wakiwa hai, mbavu zimevunjika, pafu limevilia damu, pumzi zinakatika. Kitanda cha jirani huenda kina mchumaji chai aliyezidiwa na nimonia, mama aliyeshikwa na kifafa cha uzazi, au kijana aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa shambani. Mgonjwa wa aina hii akishindwa kupumua, hupitishiwa mrija mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na mrija ukaunganishwa na mashine ya kupumulia.

Nje ya mlango, jamaa wameketi kwenye benchi. Wakiambiwa mgonjwa wao "amewekwa kwenye mashine", wapo wanaoshusha pumzi kwamba sasa amepata msaada, na wapo wanaoanza kupiga simu nyumbani kwa sauti ya chini kuandaa watu kwa mabaya. Kuna jambo la tatu ambalo aghalabu hawaelezwi: mashine ile, ikiwa nzima kabisa na ikitenda sawasawa na ilivyoamriwa, inaweza kuyajeruhi mapafu inayoyasaidia. Jeraha hilo lina kinga, na kinga yenyewe haigharimu mamilioni. Ndiyo maana inauma kuona tunavyoipuuza.

Mtu akivuta pumzi mwenyewe, msuli wa kiwambo ulio chini ya mapafu hushuka, mbavu hutanuka, na hewa huingia kwa kuvutwa. Hakuna kinachoisukuma. Mashine hutenda kinyume cha maumbile: huisukumiza hewa ndani kwa shinikizo, iwe mapafu yana nafasi au hayana. Njia hii ilienea baada ya mlipuko wa polio jijini Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Hospitali ya Blegdam ilielemewa na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira unaofinywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kwa miezi kadhaa, na vifo vikapungua sana. Hapo ndipo chumba cha wagonjwa mahututi tunachokijua leo kilipoanzia, kwa mikono ya watu. Tangu wakati huo dunia imekuwa ikijiuliza swali moja: tusukume kwa kiasi gani?

Shinikizo la hewa mapafuni hupimwa kwa sentimita za maji. Aliyewahi kuingia wodi ya watoto njiti ameliona likifanya kazi. Mrija wa kutolea pumzi hutumbukizwa sentimita 5 ndani ya chupa ya maji. Hewa haitoki mpaka iushinde uzito wa maji hayo, ndipo ibubujike. Kwa njia hiyo mapafu ya mtoto hayajikunji yote kila anapotoa pumzi, kwa sababu kuna shinikizo la sentimita 5 linaloyaweka wazi. Mtu mzima mwenye afya akipumua kwa utulivu, sentimita chache tu zinamtosha. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani, Webb na Tierney, waliwapumulisha panya kwa shinikizo la sentimita 45. Haikuisha saa moja, mapafu ya panya hao yalikuwa yamefurika majimaji.

Ndani ya mapafu ya binadamu mna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, vyenye kuta nyembamba kiasi cha kupitisha oksijeni hadi kwenye damu. Nimonia kali, sumu ya damu au kipigo cha ajali huvijaza maji na usaha, lakini haviugui vyote kwa pamoja. Sehemu moja ya pafu huwa imeziba na nyingine bado inafanya kazi. Hewa inayosukumwa hufuata njia nyepesi, kwa hiyo huingia karibu yote katika ile sehemu nzima. Daktari Luciano Gattinoni wa Italia, alipochunguza wagonjwa kama hao kwa picha za skani, alikuta kwamba pafu lililobaki likifanya kazi kwa mtu mzima linaweza kuwa na ukubwa wa pafu la mtoto wa miaka mitano au sita. Fikiria basi kulisukumia hilo pumzi ya mtu mzima, mara 20 kwa dakika, mchana kutwa na usiku kucha.

Vifuko vikizidiwa, hupasuka. Mwaka 1944 Charles na Madge Macklin, mume na mke waliokuwa watafiti nchini Kanada, walieleza njia ambayo hewa hupitia: hutoka kwenye kifuko kilichopasuka, hutambaa kandokando ya mishipa ya damu hadi katikati ya kifua, kisha hupanda shingoni. Muuguzi akibonyeza shingo ya mgonjwa husikia ngozi ikichakarika chini ya vidole. Hewa ikipenya kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu husinyaa. Kwa anayepumua mwenyewe hiyo ni dharura. Kwa aliye kwenye mashine ni suala la dakika, maana kila pumzi inayosukumwa huongeza hewa iliyonaswa, moyo husukumwa kando, damu hushindwa kurudi moyoni. Mgonjwa hufa huku mashine ikiendelea kuhesabu pumzi. Tiba yake ni sindano nene ya kutoa hewa, kisha mrija wa kifuani unaoishia ndani ya chupa ya maji ili hewa itoke isirudi.

Kwa majeruhi wa barabara zetu hatari hii huanza kabla ya mashine kuwashwa. Ncha ya ubavu uliovunjika inaweza kuwa imeshatoboa pafu kidogo, tundu ambalo mwili ungelivumilia kwa siku kadhaa. Mashine ikianza kusukuma, tundu dogo huwa balaa. Kwa sababu hiyo kifua cha majeruhi hukaguliwa kwanza, kwa masikio, kwa mikono, kwa picha ya eksirei au ultrasaundi, na vifaa vya kutoboa huwekwa karibu. Mgonjwa akipelekwa Nairobi kwa ndege, kuna la kuongeza: kadiri ndege inavyopaa, hewa iliyonaswa kifuani hutanuka. Na sisi wenyewe tunaishi juu. Kericho na Bomet ziko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mwenye mapafu mabovu huanza safari akiwa tayari na deni.

Hewa iliyovuja huonekana kwenye picha na daktari humwonyesha mwenzake. Hata hivyo, si hiyo inayoua wengi. Haya yalidhihirika mwaka 2000, matokeo ya utafiti mkubwa wa hospitali za Marekani yalipochapishwa. Wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojaa majimaji waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa pumzi za kawaida ya siku hizo, mililita 12 kwa kila kilo. Jingine lilipewa nusu yake, mililita 6, na shinikizo la mwisho wa pumzi likazuiwa lisizidi sentimita 30 za maji. Katika fungu la kwanza walikufa asilimia 39.8. Katika fungu la pumzi ndogo walikufa asilimia 31. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi.

Kinachonishangaza hadi leo ni takwimu nyingine ya utafiti huo huo. Waliovuja hewa kifuani walikuwa karibu sawa katika mafungu yote mawili, mmoja hivi kati ya kila kumi. Kwa hiyo waliookolewa hawakuepushwa na kupasuka. Waliepushwa na jeraha lisiloonekana kwenye eksirei: vifuko vinavyonyooshwa kupita kiasi bila kupasuka, vingine vinavyojikunja na kufunguka kwa nguvu kila pumzi, na kemikali za uvimbe zinazotoka kwenye pafu lililochokozwa, zikaingia kwenye damu na kuharibu figo, ini na moyo. Familia huambiwa mgonjwa amekufa kwa sababu figo zilikataa, na yawezekana chanzo kilikuwa namba iliyoandikwa kwenye mashine siku ya kwanza.

Namba hiyo hupatikanaje? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kilo zilizotajwa katika utafiti ule si kilo za mizani. Mapafu hayakui mtu anaponenepa, wala hayapungui anapokonda; ukubwa wake hufuata urefu na jinsia. Mwanamume hupewa kilo 50, na mwanamke 45.5, kisha huongezewa kilo 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4 ya urefu wake. Mchukue mama wa sentimita 155, mwenye kilo 80 kwenye mizani. Kwa hesabu ya mapafu yeye ni wa kilo 48, na pumzi yake salama ni mililita 290 hivi, pungufu kidogo ya soda ya chupa ndogo ya mililita 300. Anayeamini mizani, akafuata mazoea ya kale ya mililita 10 kwa kilo, atamsukumia mililita 800, karibu mara tatu ya anachostahili. Mwanamume wa sentimita 170 anahitaji takribani mililita 400. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wanawake, kwa kuwa ni wafupi kwa wastani, ndio wanaopewa mara nyingi zaidi pumzi zinazozidi kipimo. Dhuluma hii haina mwenye nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyechukua utepe akampima mgonjwa kutoka utosini hadi kisiginoni.

Pumzi ndogo peke yake haitoshi, na haifai kila mtu kwa namna moja. Mwenye pumu kali anahitaji pumzi chache ili apate muda wa kuitoa hewa, la sivyo hujikusanya kifuani. Nao wagonjwa wa Korona walikuwa na mapafu dhaifu ajabu: katika hospitali moja kubwa ya New York mwaka 2020, kati ya wagonjwa 601 waliowekwa kwenye mashine, 89 walipata majeraha ya shinikizo.

Kuna tiba nyingine ambayo ningependa kila mkuu wa hospitali ya kaunti aijue kwa moyo: kumlaza mgonjwa kifudifudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 466, wengi wao Wafaransa, ulionyesha kwamba wale wenye mapafu mabaya zaidi waliolazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kwa siku walikufa asilimia 16 tu katika siku 28, ilhali waliobaki chali walikufa asilimia 32.8. Hewa hugawanyika vizuri zaidi, sehemu zilizoziba za mgongoni hufunguka, na lile pafu dogo lililobaki hupata nafuu. Tiba hii haihitaji dawa wala kifaa kipya. Inahitaji watu wanne au watano wenye mazoezi, mmoja ameshika mrija usichomoke, wote wakigeuza kwa pamoja, mara mbili kila siku. Usiku wa manane, katika hospitali yenye muuguzi mmoja kwa vitanda vingi, hao watu watatoka wapi?

Swali hilo ndilo linalozikabili kaunti zetu. Mwaka 2020, Korona ilipobisha hodi, watafiti walikadiria kwamba Kenya nzima ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia. Sote tulipiga kelele kuhusu mashine. Lakini tayari tulikuwa na funzo mkononi. Kuanzia mwaka 2015, serikali ya kitaifa ilikodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya kaunti zote 47, vikiwemo vya vyumba vya wagonjwa mahututi. Kamati maalumu ya Seneti ilipouchunguza mpango huo, ripoti yake ya mwaka 2020 ilieleza kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wahudumu, umeme au maji. Tulilipia chuma, tukasahau mkono wa kukiendesha.

Bomet ina mfano wa njia nyingine. Hospitali ya Tenwek ilianza mwaka 1937 kama zahanati ya wamisionari, ikapata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, mwaka 1959. Leo ni mahali ambapo watu hufunguliwa kifua: wenye saratani ya umio, ambayo imewaumiza sana watu wa ukanda huu, na vijana ambao vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Upasuaji wa aina hiyo hauwezekani bila mtu wa kumpumulisha mgonjwa kwa kipimo wakati wa operesheni na baada yake. Tazama kilichotangulia. Mwaka 1987 hospitali ilianza kuvuna umeme wake kutoka maporomoko ya mto Nyangores, mto unaomwaga maji yake Mara. Ilijenga chuo cha wauguzi. Ikafundisha madaktari wa upasuaji wa Kiafrika. Mashine zilikuta umeme, oksijeni na watu wanaojua kuzisoma. Kaunti haiwezi kuiga historia ya zaidi ya miaka 80 kwa bajeti moja, lakini mpangilio wake inaweza kuuiga.

Sehemu dhaifu zaidi ya mnyororo huu wa huduma naiona katika ambulensi. Kutoka Bomet hadi Nairobi kupitia Narok ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Kericho hadi Eldoret ni saa kadhaa za vilima na kona. Njiani mgonjwa hufinyiwa mfuko wa hewa kwa mkono. Mfuko wa mtu mzima hubeba takribani lita moja na nusu, na mkono wenye hofu hufinya kwa nguvu na kwa haraka. Mwaka 2004, huko Milwaukee, Marekani, waokoaji wenye mafunzo walipochunguzwa wakihudumia watu ambao moyo umesimama, walikutwa wakisukuma wastani wa pumzi 30 kwa dakika, wakati 12 zingetosha. Ikiwa hao walizidiwa na taharuki, sembuse muuguzi aliye peke yake nyuma ya gari linaloyumba katika kona za Mau Summit usiku wa mvua? Anayemsindikiza mgonjwa anapaswa kufundishwa kufinya kwa mkono mmoja, kifua kinyanyuke kidogo tu, ahesabu hadi tano au sita, ndipo afinye tena. Somo hilo lamalizika kwa asubuhi moja.

Lazima niseme pia kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hawaioni mashine kabisa. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu jijini Kigali, Rwanda, daktari Elisabeth Riviello na wenzake waligundua kwamba vigezo vya kimataifa vya kutambua mapafu yaliyofurika vilihitaji mashine na vipimo vya damu ambavyo hospitali nyingi hazina. Wakavirekebisha, wakatumia kipimo cha kidole cha oksijeni na ultrasaundi. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walitambuliwa kwa vigezo hivyo vya Kigali; kwa vile vya zamani asingepatikana hata mmoja. Nusu ya hao 42 walifariki, na chini ya theluthi moja ndio waliofika chumba cha mahututi. Baadaye ulimwengu ulifuata: vigezo vipya vya kimataifa vilivyotangazwa mwaka 2023 vinakubali kipimo cha kidole na ultrasaundi. Na mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa nchi 22 za Afrika ulioonyesha kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya hao wako katika wodi za kawaida. Takribani nusu ya waliokuwa wakishindwa kupumua hawakuwa wamewekewa hata oksijeni.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi yetu unapaswa kuanzia chini. Oksijeni ya uhakika katika kila wodi, na kipimo cha kidole kwa kila muuguzi. Kisha wauguzi waliosomea huduma ya mahututi, kozi inayotolewa na chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, waajiriwe kwa kandarasi za kudumu badala ya kubembelezwa kwa mikataba ya miezi michache hadi wakimbilie ng'ambo. Kisha mashine, kwa idadi ambayo watu hao wanaweza kuilinda. Na juu ya kila kitanda chenye mashine, ubao wenye maandishi manne: urefu, kilo za mapafu, kiasi cha pumzi, shinikizo.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya Julai 1 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Mkazi wa Kericho, mkazi wa Bomet, nenda kwenye kikao hicho. Ukisikia ahadi ya mashine mpya za kupumulia, inuka uulize ni wauguzi wangapi wenye mafunzo watakaozisimamia katika zamu ya usiku. Na siku jamaa yako akiwekwa kwenye mashine, muulize muuguzi kwa heshima: amepimwa urefu? Ni haki yako kuuliza, na muuguzi mwema atakushukuru.